Mama Yumo Kwenye Chai

Jogoo wa babu sijamtoa mpaka leo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akasoma hadi mwisho akitegemea kunikuta nimepiga magoti. Wiki sita kabla ya mahafali yangu nilitozwa faini ya jogoo mmoja, kwa kosa nitakalolieleza, na ukoo mzima ukajua. Nilivaa joho nikalivua, nikarudi nyumbani kuanza hayo maisha yanayoitwa ya mtu mzima, na jogoo bado hajatoka. Ndugu zangu wa kijijini kwetu Nkunga wanasema nina kichwa kigumu. Ni kweli, ninacho. Wanachokosea ni kudhani nimekirithi kwa babu.

Nilikuwa nasoma stashahada ya kilimo, chuo kiko hapo hapo Tukuyu mjini, na chumba nilipanga mtaa wa Ibighi. Muhula wa mwisho darasa letu lote liliugua ugonjwa mmoja, nao ni bahasha. Watu walinunua bahasha za kaki, wakatoa kopi za vyeti vya kidato cha nne, wakaanza kuulizana nani ana mjomba kwenye ofisi gani. Waliomaliza mwaka uliotangulia tulikuwa tunakutana nao stendi, mashati yamenyooshwa vizuri, bahasha kwapani, wanakwenda Mbeya au wanarudi kutoka Mbeya. Ukiwauliza vipi, wanakujibu wanasubiri kuitwa. Wengine walikuwa wamesubiri hadi kola zimechakaa. Mimi niliwatazama nikasema moyoni, hapana. Sisubiri kuitwa na mtu. Mimi nataka shamba.

Na sikutaka shamba lolote tu. Nilitaka ile nusu ekari ya chai inayoteremka kutoka njia ya miguu hadi kijitoni, nyuma ya nyumba yetu. Aliipanda bibi, mke wa babu, enzi za ujana wake, na tangu bibi afariki anayeichuma, kuipalilia na kuipogoa ni mama peke yake. Nilikuwa na mpango nayo mzuri. Chai ibaki huko juu, na chini karibu na maji niweke kitalu cha miche, kwa sababu watu wa kwetu wanafuata miche mbali na nusu yake inawafia njiani. Nilikwishapima udongo, nikahesabu mashina, nikachora na ramani.

Lakini shamba lilikuwa la babu, na babu alikuwa ameanza kugawa ardhi yake akiwa hai ili tusije tukagombana kwenye matanga yake. Kaka yangu, anayeuza vipuri vya pikipiki Mbeya, alikuwa ameshaliomba. Alitaka ang'oe chai yote apande parachichi, awe anakuja kuvuna na kuondoka. Kaka si mtu mbaya, nisimpake matope. Yeye alikuwa mwanamume, basi, na hilo lilitosha. Msichana kwetu ardhi yake iko kwa mumewe. Kama hana mume, ardhi yake iko hewani.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo wenzangu wa chuoni waliotoka mikoa mingine walikuwa wananicheka nalo. Kwetu, mwanamke aliyeolewa humwogopa baba mkwe wake. Si kwamba anamwogopa kwa sababu atapigwa. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, hali mahali anapokula yeye, jina lake halitamki. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaacha njia na kujificha kwenye migomba mpaka mzee apite. Mzee naye ana sheria zake. Anakohoa toka mbali ili mkwe ajue, na akiona kitenge kimejikunyata mahali anageuza uso na kuzunguka. Mkwe akishajificha, hafukuzwi pale alipojificha. Ni juu ya mzee kutafuta njia nyingine.

Familia nyingi siku hizi zimelegeza, hasa za mjini. Yetu haijalegeza hata kidogo. Mama ana miaka ishirini na nane kwenye ndoa, babu anaishi hapo juu yetu, ukipiga mluzi anasikia, na katika miaka yote hiyo hawajawahi kutazamana. Kanisani babu anakaa benchi la mbele na mama la nyuma kabisa karibu na mlango, na ibada ikiisha mama anakuwa ameshafika nyumbani kabla babu hajaokota fimbo yake. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao tangu nilipojua kusema. Mwambie mama yako zile ndizi zilikuwa tamu. Mwambie babu yako mbuzi amezaa pacha. Na kumbe babu huyo huyo kwangu alikuwa mtu wa utani mtupu. Aliniita mke wangu, akaniuliza mbele za watu nimempikia nini, na nikichelewa kumsalimia alinuna kwa makusudi mpaka nimbembeleze.

Nilipofika mwaka wa pili chuoni nilikwishaamua kwamba jambo hili ni upuuzi. Mama yangu alikuwa anajificha kama mwizi kwenye shamba analolilima mwenyewe. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa na dharau ndani yake. Sikuijua dharau hiyo wakati ule. Ningeijua, nisingefanya nilichofanya.

Babu alikuja kwetu Jumapili moja baada ya ibada, kusikiliza maombi ya shamba. Siku babu akija, mama huhamia jiko la nje na mlango wa jiko hufungwa. Sebuleni tulikuwa wanne: babu kwenye kochi, baba kwenye kigoda, kaka na viatu vyake vya Mbeya, na mimi niliyesimama. Nilikuwa nimechapisha andiko langu la mradi kwenye steshenari ya mjini, likabandikwa jalada la nailoni mbele. Nilizungumza kama nilivyofundishwa, utangulizi, malengo, changamoto. Babu alinisikiliza kama anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni, kwa adabu, akingoja kama litatajwa jina analolijua.

Nilipomaliza akasema, "Ndaga," yaani asante. "Umesema visuri." Babu hana zeti kinywani, na shamba kwake ni samba. "Sasa niambie. Hiyo chai wewe umeichuma lini?"

"Mimi bado nasoma, babu. Anayechuma ni mama."

"Mama yako yuko jikoni."

"Basi aje aseme mwenyewe."

Baba, ambaye maisha yake yote amefanya kazi kwa zamu kiwandani na maisha yake yote hajampinga babu, alisema polepole, "Kaa chini, mwanangu."

Sikukaa. Nilitoka hadi jikoni, nikafungua mlango, nikamshika mama mkono. "Mama njoo haraka," nikasema. "Haraka, haraka!" Na kweli alikuja mbio, mwiko mkononi, kwa sababu alidhani kuna mtu ameanguka. Alifika mlangoni pa sebule kabla hajajua napompeleka, na sebule yetu ina mlango mmoja tu.

Babu alimwona. Nadhani ilikuwa kufumba na kufumbua. Mzee wa miaka themanini na kitu aliruka kutoka kwenye kochi, akageukia ukuta, akajifunika uso kwa kofia yake, pua imegusa kalenda ya kanisa. Mama alianguka chini palepale kizingitini kama mtu aliyekatwa miguu, khanga kichwani, mwiko umemdondoka. Kisha hapakuwa na wa kusogea. Mama hawezi kuinuka, babu asije akageuka. Babu hawezi kutoka, mlango una mama. Tulikaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko mtihani wowote. Mwishowe baba na kaka walivua kitambaa cha meza, wakakishika huku na huku kama pazia, na mama akatambaa kinyumenyume hadi uani.

Watu wote mle ndani walikuwa wameinama. Aliyekuwa amesimama wima ni mimi, na andiko langu mkononi. Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto.

Babu alisema akiwa bado anatazama ukuta. "Huyu mama nimemhesimu miaka yote hii. Leo msomi amemvua nguo mbele yangu." Hakuniita mke wangu. Akasema nitoe jogoo mmoja wa kuomba radhi, na shamba lile ni la kaka.

Aibu nilikuwa nayo, lakini hasira ilitangulia. "Jogoo sitoi," nikasema. "Sitoi jogoo kwa kosa la kumwita mama yangu aseme kazi yake mwenyewe." Kaka alinikanyaga mguu. Nikarudia.

Mama hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa nafunga mzigo wa ndizi wa kurudi nao Ibighi, akasema bila kuinua macho kwenye ndizi alizokuwa anamenya, "Ulinidanganya."

"Nilikuita tu, mama."

"Ulisema haraka. Nilidhani ni baba yako." Aliendelea kumenya. "Ningetaka kusema, ningesema kwa njia yangu."

"Njia ipi, mama? Ya kujificha?"

Aliweka kisu chini. Sikuwahi kumwona mama akinitazama vile. "Wewe hiyo chai unaijua kwa karatasi. Mimi naijua kwa kujificha. Mwaka wa kwanza nilipoolewa, babu yako alikuwa anapita ile njia mara sita kwa siku. Nilikaa ndani ya chai kuliko nilivyokaa ndani ya nyumba. Ndiko nilikojua shina gani linakauka na lipi linajifanya. Bibi yako alinikuta huko huko, akanifundisha huko huko, tumechuchumaa wawili." Akashika tena kisu. "Usinionee huruma. Sijakutuma."

Nilirudi mjini na mzigo wa ndizi na maneno hayo. Yalikuwa mazito kuliko ndizi.

Sasa, kwetu ardhi haigawiwi kwa mdomo wala kwa karatasi peke yake. Ni lazima mwenye ardhi atembee mpaka wote wa shamba kwa miguu yake, mchana, anayepewa akimfuata nyuma, na kila kona wapande mti wa mpaka. Kabla babu hajatembea, hakuna kilichogawiwa. Jumamosi iliyofuata kaka alikuja kutoka Mbeya kutembezwa. Nami nilikuja, nikakaa uani kwa ubishi tu, nione nikinyang'anywa.

Babu aliteremka njia na fimbo yake, kaka nyuma na miche minne na panga. Walipokaribia chai babu akakohoa. Alikohoa kikohozi chake kile cha kumwambia mkwe apishe. Kutoka katikati ya chai ikasikika sauti ya mama ikiimba wimbo wa kanisa, ubeti wa kwanza, wa pili, bila haraka. Babu akasimama. Akakohoa tena. Mama akaingia ubeti wa tatu.

Babu akamwita baba. Baba akateremka hadi ndani ya chai, akakaa huko kidogo, akarudi. Uso wake ulikuwa unahangaika, nami nilichelewa kutambua kwamba baba alikuwa anajizuia kucheka.

"Anasemaje?" babu akauliza, mgongo ameupa shamba.

"Anasema anaogopa kutoka. Baba mkwe yuko njiani."

Nilitaka kupiga makofi. Mwanamke huyu alikuwa hajavunja sheria hata moja. Alikuwa amejificha, kama inavyotakiwa, na aliyejificha hafukuzwi. Babu hawezi kuingia penye mkwe wake, na asipoingia hawezi kutembea mpaka. Na nani angemlaumu mama kwa kuzidisha heshima? Mzee akapanda kurudi kwake. Kaka akarudi Mbeya na miche yake ndani ya mfuko wa salfeti.

Alirudi Jumamosi nyingine, alfajiri. Mama alikuwa ameshaingia, kapu mgongoni, nailoni kiunoni kwa ajili ya umande. Akarudi mara ya tatu mvua ikinyesha, ile mvua ya kwetu isiyojua kukata, na bado wimbo ukasikika kutoka kwenye ukungu. Siku za katikati pia mama hakubahatisha. Nusu ekari huwezi kuichuma kila siku, kwa hiyo alipomaliza kuchuma alipalilia, alipomaliza kupalilia aling'oa utambaazi, yale magugu yanayotambaa, na usipokuwapo utambaazi alikaa tu. Baba, katika umri ule, akajifunza kuchemsha ndizi. Zilikuwa mbichi katikati na tulizila.

Mimi huko Ibighi nilikuwa narudia notsi za mtihani wa mwisho huku nikijichukia. Miaka mitatu nilikuwa nimesomea namna ya kumshawishi mkulima, na mkulima aliyenizaa alikuwa ananifundisha bure namna ya kukataa. Sikumwomba alinde shamba kwa ajili yangu. Nilipomuuliza, jibu lilikuwa moja tu: "Nachuma chai."

Kisha nikaharibu tena. Wiki moja kabla ya mahafali nilikwenda nyumbani, nikakutana na babu njiani. Alinisalimia kwa ukavu, "Ugonile, msomi," kama tunavyosalimiana asubuhi, nikamwitikia. Akauliza mahafali ni lini. Nikasema Ijumaa. Akauliza kama mama yangu atakwenda. Nami kwa kiburi, nikitaka ajue kwamba mama yangu siku hiyo atakaa kwenye kiti cha mbele bila kujificha, nikasema, "Atakwenda. Kitenge kimeshashonwa."

"Ndaga," akasema babu, akaendelea na safari yake.

Nilitembea hatua kama ishirini ndipo nikasimama katikati ya njia. Ijumaa. Mama atakuwa Tukuyu, kwenye chai hakuna mtu, na njia ya babu iko wazi. Jioni hiyo baba akathibitisha: kaka ameomba ruhusa kazini, Ijumaa asubuhi mpaka unatembewa.

Nilimwambia mama jikoni. Nikamwambia sitakwenda kwenye mahafali, cheti nitakifuata ofisini siku nyingine, nitakaa mimi shambani.

Mama alicheka hadi akashika mbavu. "Wewe? Wewe nani anakuogopa?"

Ilikuwa kweli. Mimi ningekaa kwenye ile chai mwaka mzima na babu angenipita akinitania. Mtu pekee duniani aliyeweza kulifunga lile shamba kwa kuwemo tu alikuwa mama.

"Nenda kavae joho lako," akasema. "Mimi nabaki."

"Miaka yote umesubiri kuniona!"

"Nimesubiri. Ndiyo nini sasa?"

Nililia, na sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, kwa sababu kila linapotakiwa kuachwa jambo, anayeliacha ni yeye. Nilimwambia hivyo. Akanipangusa na ncha ya khanga yenye moshi, akaniambia nisimlilie kwenye maharage.

Ijumaa uwanja wa chuo ulijaa mahema na spika. Wazazi walikuja na mataji ya maua ya plastiki, kina mama wakipiga vigelegele kila likisomwa jina, hata la mtoto wasiyemjua. Baba alikuja na koti lake la harusi. Kwenye kiti cha pembeni yake aliweka kofia, na kila aliyetaka kukaa nilimwona baba akimtikisia kichwa, pana mtu. Jina langu likasomwa. Nilipanda jukwaani, nikapokea, nikageuka, nikamwona baba amesimama peke yake anapiga makofi, na kofia kwenye kiti. Sikungoja pilau wala picha. Nilimpitia baba nikamwambia nakwenda. Akasema, "Tangulia. Wakiuliza, nitasema umeitwa kazini."

Nilipanda bodaboda na joho langu mwilini, pindo nimelikusanya mapajani, taji la maua shingoni, dereva akiuliza kama kuna msiba. Nikasema bado.

Babu alikuwa ameketi kwenye jiwe pale njia inapokutana na chai, mwavuli juu, mgongo ameupa shamba. Miche minne iko miguuni pake, imefungwa kwa gome la mgomba. Kaka amesimama na panga, viatu vyake havitambuliki kwa tope.

"Tangu saa mbili tuko hapa," kaka akaniambia, kama vile mimi ndiye karani wa malalamiko.

Babu hakugeuka. "Yumo?"

Nikatazama. Katikati ya chai, chini ya nailoni, niliona kitenge cha buluu. Mama alikuwa amevaa nguo ya mahafali. Aliivaa kuchumia.

"Yumo," nikasema.

"Amekula?"

Swali hilo sikulitegemea. "Sijui, babu."

"Hajala. Tangu asubuhi namsikia. Anaimba, anaacha, anaansa tena. Saa hisi anaruka beti." Babu alichora chini na fimbo. Kisha akamuuliza kaka, "Wewe umewahi kukaa humo siku nzima?"

"Babu, mimi nina kazi mjini."

"Ee. Una kasi mjini." Alisema bila ubaya. Akaisukuma ile miche kwa fimbo mpaka ikagusa pindo la joho langu. "Tembea, mke wangu. Mimi siwesi kuingia, mna mtu. Wewe tembea, mimi nitasikilisa."

Mtu mwenye akili angeinama akashukuru. Mimi nilikuwa na jambo moja lililonikaba kooni wiki sita, na sikutaka kupewa shamba kwa udanganyifu. "Jogoo sitoi, babu."

Kaka akafunika uso kwa kiganja.

"Nani amekuuliza jogoo?" babu akasema. "Nimekuuliza kama mama yako amekula."

Nilitembea mpaka wa nusu ekari na joho, panga mkono huu na miche mkono huu, vichipukizi vya chai vikinilowesha hadi magotini. Kaka alinitazama kidogo, kisha akavua vile viatu akanifuata kunichimbia mashimo. Sijamsahau kwa hilo. Kila kona nilipopanda mti nilipiga kelele, "Nimepanda!" na kutoka kwenye jiwe babu akaitika, "Ee!" bila kugeuza kichwa. Kati ya kona na kona nilisikia mikono ya mama ikikata majani, tak, tak, haijasimama. Kona ya nne ilikuwa chini kijitoni. Nilipoita pale, babu aliitika, na ile mikono ikanyamaza.

Babu akainuka. Njia fupi ya kwenda kwake inapita kando ya chai, lakini yeye aliteremka kuzunguka kwa daraja la magogo, mzee wa umri ule, kwenye utelezi ule, kaka amemshika kiwiko, ili njia fupi ibaki wazi kwa mtu mwingine. Alipofika ng'ambo akakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa cha kumwambia mkwe kwamba ameshapita.

Ndipo mama akatoka. Alivua nailoni, akanyoosha kitenge chake cha buluu, akasimama mbele yangu. "Geuka nikuone," akasema. Nikageuka. "Tena." Nikageuka tena, nikateleza, nikajishikilia kwenye shina. Alinyoosha mkono anishike, akaurudisha haraka nyuma ya mgongo. Vidole vya mchuma chai vinakuwa vyeusi kwa utomvu, na joho lilikuwa la kukodi.

Niliifuata hiyo mikono nyuma ya mgongo wake, nikaichukua yote miwili, nikaifuta kifuani kwangu, juu ya ukanda mweupe wa joho, kidole kimoja kimoja. Alikuwa anapiga kelele niache, watanitoza. Sikuacha. Halafu tukapanda nyumbani nikampakulia ndizi za baba, mbichi katikati, akazila zote.

Jumatatu nilirudisha joho chuoni. Karani alilikunjua, macho yake yakakomea kwenye ule ukanda, akaniuliza hili doa la nini. Nikamwambia ni chai. Akauliza kama linatoka nikilifua. Nikamwambia halitoki, nikasaini, nikapanda gari la Nkunga. Kulikuwa na kitalu cha kuchimba.